Matairi Yenye Alama ya Mlima

Ujerumani, 29 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, nasumbuliwa na mafua ya huku tu, ambayo hayana adabu. Goti lako linaendeleaje? Najua Rosemary ndiye anayekusomea barua hii kutoka kwenye simu yake, kwa sababu macho yako nayo yameanza kiburi. Wifi, shikamoo ya mkwe wako nimeshaitoa, sasa soma yote na usiongeze chumvi. Watoto wa marehemu kaka hawajambo?

Baba, nimenunua gari. Kaa chini kwanza. Ni jekundu, lina milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukiingia unajiona kama umekaa kwenye mkeka. Injini inasukuma magurudumu ya nyuma. Ni la mitumba, lakini bado lina mbio za kijinga. Dorine, mwenzangu wa kazini, aliponiona nalo kwenye maegesho ya nyumba ya wazee aliniuliza kama nina akili timamu, gari la michezo kwenye milima ya theluji.

Kusema kweli, tangu kaka Thadei afe nilikuwa sijashika usukani. Unakumbuka ile picha ya gari aliyoibandika ukutani mlangoni pake, ile ambayo mama, Mungu amrehemu, alimwambia aitoe aweke ya Bikira Maria? Ni gari hilo hilo, Baba. Nililiona linauzwa, nikasimama mbele yake nusu saa nzima kwenye baridi. Nikaona nisipolinunua nitaliota mpaka lini.

Sasa tatizo ni matairi. Huku kuanzia Oktoba mpaka Pasaka watu hutoa matairi ya kiangazi wakafunga ya baridi, na askari akikukuta kwenye theluji bila hayo ni kesi. Ya gari langu ni mapana na membamba ubavuni, kila mtu ananiambia lake. Wewe umefunga matairi Lizaboni miaka arobaini. Nichague vipi?

Mwanao,
Noela


Songea, 8 Oktoba 2024

Mwanangu Noela,

Marahaba. Milele amina. Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi sijambo, goti ni lile lile, likisikia mawingu linaanza kunung'unika. Rosemary anakusalimu, ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia. Watoto wanakula kama mchwa.

Gari la milango miwili! Abiria wako watapitia dirishani? Haya, umeshanunua. Kuhusu matairi umeuliza kwa mwenyewe, kwa hiyo acha kusikiliza wazee wako wa Kizungu. La kwanza, tazama kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara. Mifereji yake iwe na kina, ingiza ncha ya kidole, kidole kizame. La pili, bonyeza mpira kwa kidole gumba. Ukiitika, ukabonyea kama andazi la asubuhi, tairi hilo bado bichi. Ukiwa mgumu kama kwato, hata kama lina kashata, mwachie mwingine. Mimi sijawahi kukosea kwa kidole hiki, na mjini hapa wanajua.

La tatu, kuna matairi yana alama ubavuni, kamlima ka vilele vitatu na ndani yake kama ua. Sisi mafundi tunayaita Mlima. Hayo ndiyo bora ya yote yanayoshuka kwenye makontena kutoka huko kwenu. Laini, kashata nene, hayajachoka. Ukiyaona, usiulize swali la pili.

Ndiyo niliyomfungia Thadei kwenye Noah yake. Nilimchagulia mwenyewe yote manne, siku kumi na moja kabla ya ajali. Nilitoa yale yake yaliyokuwa vipara, nikamwambia sasa nenda Tunduru na kurudi, hata roho yangu imetulia. Swalehe, yule rafiki yake aliyekuwa dereva wake, alikuwa amesimama pale pale, anacheka, anasema Mzee umetuvalisha viatu vya harusi. Viatu vya harusi! Halafu akaenda kukimbiza gari kwenye mvua ya kwanza kama shetani, mwanangu akaishia kwenye ile kona baada ya Namtumbo. Yeye akatoka na mguu wake mbovu. Sitaki kulizungumza jina lake, nimelitaja kwa bahati mbaya.

Lile gari lilipouzwa kama chuma chakavu niliyafungua matairi nikayahifadhi bandani. Yalikuwa mazima, hayakuwa na kosa. Mwezi uliopita nimeyafunga kwenye Noah ya Rosemary, anayoendea Maposeni kuchukua mahindi na kuwapeleka watoto shule. Sikutaka yakauke bure.

Kuna jambo moja nikuambie, usinicheke. Yakiwa kwenye lami yanaimba. Sauti ya chini chini, kama mtu anapuliza mluzi huku amefunga mdomo. Rosemary anasema ni Thadei, alikuwa akipuliza hivyo akioga. Kwenye mteremko wa Likuyufusi anasema usukani unakuwa kama umeshikwa na mkono mwingine. Tumetoa sadaka ya misa. Mimi ni fundi, siamini mizuka. Lakini nikilisikia gari linakuja kutoka mbali, moyo wangu husema Thadei karudi, kabla akili haijanikumbusha.

Funga matairi yako vizuri.

Baba yako,
Gaspari


Ujerumani, 3 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti likiwa limenyamaza. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa kwetu wazee wawili wamefariki wiki moja, na kazi ilitulemea.

Matairi nimefunga. Fundi wangu anaitwa Abdulhamid, baba yake alihamia huku kutoka Uturuki, na ana domo kama lako. Alinikataza mapana. Alisema kwa gari kama hili nichukue ringi ndogo kidogo na tairi jembamba zaidi, lizame kwenye theluji lifike chini, badala ya kuelea juu yake. Nilitaka kufunga mawili tu ya nyuma, yanayosukuma, akanifokea: yote manne au uende zako. Kisha akanionyesha zile tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Baba, nilikuwa sijui kwamba tairi lina siku ya kuzaliwa.

Ameniambia niondoke kwa gia ya pili, nisikanyage mafuta kwa hasira, na kabla sijaingia barabarani nitafute uwanja mtupu nijifunze jinsi mkia wa gari unavyotoroka. Nimeahidi.

Sasa nina ombi moja. Naomba uyatoe yale matairi kwenye gari la Rosemary. Usinibishie. Tangu nisome barua yako silali vizuri, namuona Thadei ndotoni. Sipendi watoto wake wapande juu ya matairi aliyofia. Yatoke kabisa nyumbani, Baba, hata banda lisiyaone. Mpe mtu baki, yaende mbali. Fanya kabla mvua hazijaanza, kwa ajili yangu.

Rosemary, asante kwa kusoma. Mwangalie Baba.

Mwanao,
Noela


Songea, 17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, hapa wote wazima. Joto ni kali, mawingu yanakusanyika mchana halafu yanatawanyika. Wakulima Maposeni wameshapasua matuta, wanatazama juu tu.

Ombi lako lilinikasirisha. Nikasema huyu mtoto amekwenda Ulaya ameokota ushirikina ambao sisi wenyewe tumeuacha. Tairi lenye kashata kama zile unalitupa? Siku tatu sikumjibu hata Rosemary akinisalimu. Halafu Jumapili, padre akahubiri juu ya mtu anayekwenda kutoa sadaka huku ndugu yake ana neno juu yake. Nilijiona nimevuliwa shati mbele ya watu.

Miaka mitatu, Noela. Swalehe yule alikula kwangu kuanzia darasa la tano. Alipokuja msibani kwa magongo nilimfukuza kabla hajafika kwenye mkeka, na wazee wote wananitazama. Mama yake, Bi Zabibu, alituma salamu mara ngapi, sikujibu.

Kwa hiyo nimefanya ulivyosema, na zaidi. Nimeyatoa matairi yote manne, nikayaosha kwa sabuni, nikayapaka dawa yakang'aa. Nikayapeleka stendi, nikayapandisha kwenye basi la Tunduru. Nimemtumia Swalehe. Nimesikia ana Noah nyingine, anapakia watu na korosho kati ya Mbesa na Tunduru. Nikaandika kwenye karatasi: Haya ni ya Thadei, sasa ni yako, yafunge, na mimi nimekusamehe.

Umenisaidia kuutua mzigo huu, mwanangu. Jana nimelala kama mtoto.

Baba yako,
Gaspari


Ujerumani, 18 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingine.

Rosemary nimempigia kabla ya kuandika. Anajua kilichomo humu. Amelia, halafu amesema andika, maana Baba huamini lililoandikwa. Amempigia Swalehe mara nyingi, simu yake haipatikani. Wifi, msomee mpaka mwisho.

Baba, nilikudanganya. Sikuota ndoto yoyote. Siku ile kwa Abdulhamid nilimuona anazungusha tairi kuukuu, nikaiona alama. Vilele vitatu, na ndani yake sio ua. Ni chembe ya theluji. Nikamwambia kwa majigambo kwamba kwetu tunayaita Mlima, baba yangu huyachagua kwa kidole gumba. Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza: kwenu kuna joto?

Hayo ni matairi ya baridi, Baba. Yametengenezwa kwa mpira laini makusudi, ili kwenye barafu usigande. Kwenye lami ya moto unalegea. Kashata zile nene ni za kuuma theluji, kwenye joto zinayumba, ndiyo maana usukani unakuwa kama umeshikwa na mtu, ndiyo maana yanaimba. Na mvua ikinyesha juu ya lami yenye joto, ukikanyaga breki gari linachelewa mno kusimama. Yakizeeka huku hairuhusiwi kuyatumia, watu wanayakusanya, yanapakiwa kwenye makontena. Ule ulaini uliouona ni wa asili yake. Hayakuwa mabichi.

Nilijua haya tangu mwisho wa Oktoba. Nilishindwa kuyaandika kwa sababu yangesomwa na mdomo wa mjane wake. Na nilishindwa kwa sababu yako. Nikatunga uongo mdogo, nikasema mpe mtu baki. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Swalehe hakukimbiza gari. Tafadhali, yatoe kwake kabla mvua hazijanyesha.

Noela


Ujerumani, 1 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili sijapata neno lako. Rosemary ananiambia tu kwamba umesafiri, hujasema unakwenda wapi, na simu umeiacha juu ya meza. Natumaini unakula.

Theluji imeanguka tangu Alhamisi. Inaanguka bila sauti, Baba, siyo kama mvua ya kwetu inayogonga bati na kukuamsha. Unafungua mlango unakuta dunia imefunikwa shuka. Ijumaa nilitoka kazini mchana, nikapita barabara ya juu, yenye kona. Nilikwenda pole pole, gia ya pili, mikono miwili. Katikati ya kona akatokea mbwa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, kama mtu ambaye hajafundishwa lolote.

Gari likasimama. Mkia ulicheza kidogo tu, yakashika, likasimama kama limefungwa kamba. Mbwa akanitazama, akaenda zake.

Nilizima injini nikalia pale pale barabarani mpaka mtu wa nyuma yangu akaja kugonga kioo. Alidhani nimeumia. Sikuweza kumweleza kwamba nalia kwa sababu yameshika. Alama ni ile ile, Baba, vilele vitatu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, lakini nilikuwa na hakika, kama ninavyokujua wewe, kwamba nikigeuka nitamkuta Thadei ameshika mkanda anacheka. Sikugeuka. Nimeogopa kugeuka tangu siku ile, naendesha nikitazama mbele tu.

Niandikie, hata matusi.

Noela


Songea, 22 Desemba 2024

Mwanangu Noela,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Rosemary na watoto wazima, wanakutakia Krismasi njema, na mimi pia, ingawa neno lenyewe linanikwama.

Rosemary alinisomea barua yako tumekaa jikoni. Alisoma mpaka mwisho kama ulivyomwagiza. Alipomaliza akaninawisha mikono kama mgonjwa, akaenda zake shambani. Mimi nikatazama kidole changu hiki. Kesho yake nikapanda basi.

Nilifika Mbesa kwa bodaboda, matako yamekufa ganzi. Bi Zabibu alikuwa anaanika mihogo. Hakuniuliza kilichonileta. Alisema karibu, akanipa maji, akatandika mkeka, mkeka kamili, kama ule niliomnyima mwanawe. Swalehe akatoka ndani anachechemea. Nikamwambia nikiwa nimekaa vile vile: Swalehe, ni matairi, ni mimi.

Akasema, "Najua, Mzee."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Wallahi siku ile tulikuwa tunakwenda taratibu, Thadei amesinzia. Mvua imeanza tu. Nikaona lori limesimama kwenye kona, nikakanyaga breki mapema kabisa. Gari likaendelea, kama lami imemwagiwa mlenda. Yale vipara hayakuwahi kunifanyia vile hata siku moja. Nilipolala hospitali nilifikiri sana, nikajua ni yale mapya. Nilikuja msibani kukwambia. Uliponifukuza nikaona afadhali. Ulikuwa unazika mtoto, ningekwambiaje? Nikasema acha anichukie mimi."

Noela, yule kijana amebeba jina la muuaji miaka mitatu, ili mimi nisilibebe. Na wewe nawe ukanificha. Nashukuru, na nimekasirika na wote wawili. Mimi si yai. Mngeniambia, ningeumia, lakini matairi yangekuwa yamechomwa zamani. Nimekuandikia hili mara moja, sitalirudia, na wewe usijitese nalo. Aliyechagua kwa kidole gumba siye wewe.

Sasa sikiliza. Mzigo wangu ulipofika kwake hakuyafunga. Aliyatambua hata kabla hajasoma karatasi. Aliyaweka nyuma ya nyumba, akaegemeza ukutani, akisubiri apate siku ya kuyakata. Halafu akaenda mnada wa korosho siku mbili. Aliporudi, mdogo wake Jumanne alikuwa ameyauza yote. Ameona mali inang'aa, imekaa bure juani, akajua anamsaidia kaka yake. Hana kosa. Nilikuwa nimeyapaka dawa mimi mwenyewe.

Alimuuzia mtu mmoja mwenye duka la matairi Tunduru. Tulikwenda huko, Swalehe na mimi. Mwenye duka anakumbuka, alisema, Mzee, vitu vizuri kama vile havikai, vimeondoka asubuhi hiyo hiyo. Mawili alichukua mwalimu mmoja wa Namtumbo. Huyo tulimpata. Alidhani sisi ni wezi, tulimbembeleza mpaka mchana, nikamfungia mengine niliyoagiza kwa basi kutoka kwenye banda langu, magumu, yasiyo na alama. Yale yake nikayakata kwa panga mbele ya wanafunzi wake. Yalikatika kirahisi sana.

Mawili mengine yalikwenda kwa dereva asiyejulikana. Noah nyeupe, alikuwa anaelekea Songea. Ndiyo yote tunayojua.

Kwa hiyo Swalehe anatafuta upande wa Tunduru na mimi upande huu. Nakwenda stendi asubuhi kabla magari hayajajaa. Nachuchumaa, goti linalia, natazama ubavu wa tairi moja moja. Madereva wengine wananifukuza. Wengine wanasema Mzee Gaspari akili imemruka tangu afiwe. Nawaonyesha alama niliyoichora kwenye kadibodi, nawaambia ukiiona niite. Na mwanangu, zipo nyingi. Sikujua ziko nyingi namna hii. Mengine nimeyafunga kwa mikono yangu, nayatambua. Jana nilimwambia kijana mmoja ayatoe, akanijibu, lakini Mzee, si wewe ndiye uliyeniambia hili ndilo bora?

Bandani sifungi tena tairi lililotumika. Nimekaa tu. Gari likipita linaimba nasimama.

Mvua zimeanza tangu juzi. Leo stendi nimekagua Noah kumi na tisa, na nilipofika mwisho wa mstari magari mengine yalikuwa yameshaondoka na abiria.

Baba yenu,
Gaspari